Iringa siku tatu, Mbeya siku tatu: likizo ya mjini na mtoto mdogo

Familia nyingi zinazopanda Nyanda za Juu Kusini likizo ya Juni au Desemba hufika na orodha. Isimila, Kalenga, Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu, Kimondo cha Mbozi, na ikiwezekana waguse ufukwe wa Matema kule Ziwa Nyasa, yote kwa siku nne. Sisi tunaozipokea tumeshazoea mwendo wake: siku ya pili jioni mtoto hataki kula, siku ya tatu ana mafua, siku ya nne wote wamejifungia gesti wakisubiri basi la kurudi. Miji haina kosa. Aliyesahauliwa kwenye hesabu ni mtoto.

Mtoto wa miaka miwili hadi mitano ana muda mzuri mara mbili kwa siku: kama saa mbili na nusu asubuhi, halafu saa moja na nusu hivi alasiri akishaamka usingizini. Kati ya hapo ni chakula, kulala na kuoga. Huku kwetu hiyo alasiri nayo inakatwa na baridi, kwa hiyo muda unazidi kubana. Safari ikipangwa kwa vipande hivyo viwili, siku sita zinatosha Iringa na Mbeya, sehemu moja kubwa na sehemu moja ndogo kwa siku. Ukizidisha hapo unalipia kitu ambacho mtoto atakipita amelala begani.

Anzeni Iringa, msianze Mbeya. Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni kama kilomita 500, saa nane au tisa za basi. Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Basi la saa 12 asubuhi linawashusha Mbeya usiku, kwenye baridi, mtoto amelala, mabegi matano chini, na madereva wa bajaji wanne kila mmoja ameshika begi lake. Iringa mnafika jua lipo. Mnaona chumba kwa macho kabla ya kulipa, na mkikikataa kuna muda wa kutafuta kingine. Wa Dodoma wao wana bahati: lami ya kupitia Mtera ni kama kilomita 260 tu, nusu siku.

Kuhusu mwezi, Juni hadi Agosti ni kukavu lakini baridi ni ya kweli. Usiku wa Julai Mbeya hushuka chini ya digrii 10. Desemba kuna mvua na matope. Septemba na Oktoba hali ya hewa ni nzuri kuliko zote, ila vumbi na upepo havikosekani, na shule zimefunguliwa. Wiki ya tarehe 1 hadi 8 Agosti jihadharini na Mbeya kwa sababu ya Nane Nane, maonyesho ya wakulima. Wageni hujaa, vyumba huadimika. Hata hivyo, kwa mtoto anayependa wanyama, viwanja vya John Mwakangale asubuhi ya siku ya kazi, saa 3 kabla ya umati, vinashinda vivutio vingi vya kulipia: ng'ombe, sungura, kuku wa kila aina, na trekta la kupanda na kushuka. Mkiamua kuja wiki hiyo, shikeni chumba mwezi mmoja kabla.

Njiani

Siti za basi zichaguliwe kwa akili ya jua. Kutoka Dar kuja huku basi linaelekea magharibi na kusini. Juni na Julai jua liko upande wa kaskazini, yaani kulia kwenu kuanzia saa za mchana, basi kateni siti za kushoto. Desemba jua limehamia kusini, kateni za kulia. Pazia la basi halitoshi. Mtoto akipigwa na jua la dirishani saa nne mfululizo atafika na kichwa kinauma na mtasema ni homa. Msikubali siti za nyuma kabisa. Huko kunaruka zaidi na ndiko watoto wengi hutapika. Kati ya matairi ya mbele na ya nyuma ndiko kunakotulia. Mtoto wa kupakata halipiwi siti, lakini kwa safari ya saa nane kupakata mtoto wa kilo 14 ni adhabu. Watu wazima wawili na mtoto mmoja wakate siti tatu, na kama fedha hairuhusu, wapokezane kila baada ya saa moja, kwa saa ya mkononi, si kwa kuvumilia mpaka ugomvi uanze.

Jambo linaloharibu safari kuliko yote ni choo. Basi husimama kuchimba dawa linapotaka lenyewe, na kituo cha chakula ni dakika 15 au 20 zenye foleni chooni. Mtoto aliyeacha pampasi juzi hawezi kusubiri. Mvalisheni pampasi siku ya safari hata kama ameshaacha. Iiteni "suruali ya safari" na hatarudi nyuma kwa siku moja. Kwa mkubwa zaidi, bebeni poti au ndoo ndogo ya lita 3 yenye mfuniko unaobana. Na mara tu mkipanda, mzazi mmoja amfuate konda kwa upole: "Kaka, nina mtoto mdogo siti ya kumi na moja, nikikuita naomba unisaidie, sitakuchelewesha." Konda aliyeombwa mapema husimamisha. Aliyepigiwa kelele ghafla katikati ya hifadhi ya Mikumi hasimamishi, na hana kosa, maana kushuka hapo ni hatari.

Baada ya Ruaha Mbuyuni kunakuja Kitonga. Kona ni nyingi, mlima ni mkali, na malori yanapanda kwa mwendo wa kobe. Masikio ya mtoto yataziba, naye atalia bila kujua kwa nini. Anyonye, au anywe maji kidogo kidogo kwa mrija, au atafune kipande cha mkate; kumeza ndiko kunakofungua masikio. Chakula kizito hapo chini, chipsi na soda hasa, ndicho kinachorudi mlimani. Mpeni ndizi moja na maji, basi, na mshibishe mkifika juu. Tangu 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, kwa hiyo ule mfuko wa kutapikia wa zamani haupo. Kopo la plastiki la lita 2 lenye mfuniko, taulo dogo lenye unyevu, na fulana moja ya akiba viwe kwenye begi la miguuni. Si kwenye buti. Chochote kilicho kwenye buti hesabu kimebaki Dar.

Wenye gari lao wakumbuke kwamba lori likiharibika Kitonga foleni inaweza kula saa kadhaa. Lita 3 za maji, uji kwenye chupa ya chai, na chakula cha milo miwili ya mtoto viwepo hata kama mnaona mnakaribia. Vijijini ni kilomita 50 kwa saa na askari wapo. Mikumi msifungue vioo kuwarushia nyani ndizi. Nyani aliyezoea kupewa huingiza mkono dirishani, na mtoto ndiye aliye karibu na dirisha.

Wanaotaka treni ya TAZARA hadi Mbeya waichukue kama ndiyo likizo yenyewe, si usafiri wa kuwahi. Ratiba hubadilika, wakati mwingine safari husitishwa, na kuchelewa ni kawaida. Ulizeni stesheni wiki ile ile ya safari. Daraja la kwanza chumba kina vitanda vinne, na wanaume na wanawake hutenganishwa. Familia ya baba, mama na mtoto italala pamoja pale tu watakapolipia vitanda vyote vinne. Wengi hulijua hilo wakiwa tayari kwenye behewa.

Chumba

Kabla ya kutuma hela ya chumba, pigeni simu na muulize maswali haya kwa mpangilio huu. Maji ya moto yapo saa ngapi, na umeme ukikatika yapo? Jirani kuna baa? Chumba kiko ghorofa ya ngapi, na nguzo za ngazi zina uwazi wa kupita kichwa cha mtoto? Kitanda ni futi ngapi? Jikoni wanaruhusu kupasha uji saa 12 asubuhi? Anayejibu vizuri mpaka la mwisho huyo ana gesti ya familia. Anayejibu "njooni tu, kila kitu kipo" hana.

Gesti za jirani na stendi ni rahisi, lakini honi huanza saa 10 alfajiri. Iringa, Gangilonga kumetulia. Mbeya, upande wa Forest kumetulia. Kabwe na Mwanjelwa ni raha kwa kijana, usiku hakulaliki. Kitanda cha futi tano kwa sita kisukumwe ukutani, mtoto alale upande wa ukuta, na chini upande wa pili litandikwe blanketi lililokunjwa. Njooni na blanketi lake la nyumbani, hata kama ni chakavu. Mtoto hulala kwa harufu.

Zile bomba za kuogea zenye hita ya umeme juu yake zina mambo mawili. Maji hubadilika ghafla kutoka baridi hadi ya kuunguza, na nyingine zina umeme unaovuja kidogo, unausikia ukigusa koki. Mtoto asiogeshwe chini yake. Jaza beseni, zima hita, pima maji kwa kiwiko, kisha mwogeshe mbali na bomba. Na aogeshwe saa 9 au 10 alasiri, nyumba ikiwa bado ina joto la mchana. Wageni wa pwani huogesha watoto saa 2 usiku kama walivyozoea, halafu wanauliza mafua yametoka wapi.

Hapa tuseme jambo moja bila kuzunguka. Msiingize jiko la mkaa chumbani kuota moto, hata kidogo, hata "mpaka mtoto apate usingizi". Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala moshi, na huua watu wakiwa usingizini. Kila msimu wa baridi huku tunasikia msiba wa namna hiyo. Mtoto ndiye anayetangulia kudhurika. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa taulo, ikawekwa kitandani nusu saa kabla ya kulala kisha ikaondolewa, inatosha.

Nguo

Nguo hazikauki. Iringa kwenye jua zitakauka kwa siku. Mbeya yenye mawingu zitachukua siku mbili, soksi siku tatu. Kwa siku saba mtoto wa miaka mitatu aje na suruali tano, fulana za ndani saba, masweta mawili (moja mwilini, moja likikauka), koti moja lisilopitisha upepo, soksi jozi saba, kofia ya sufu moja na ya ukingo mpana moja. Huku juu hewa ni baridi lakini jua linachoma, na wageni hulisahau kwa sababu hawasikii joto. Mashavu na midomo itapasuka siku ya pili. Pakeni mafuta mazito asubuhi na kabla ya kutoka. Msimu wa mvua ongezeni mabuti ya mpira. Pampasi kwa anayevaa kutwa, hesabuni sita kwa siku badala ya nne au tano, maana kwenye baridi watoto hukojoa zaidi.

Koti msinunue Dar. Dar hakuna anayeuza koti la baridi la mtoto kwa bei ya haki. Mkifika Iringa nendeni Mashine Tatu, au Mbeya nendeni Mwanjelwa, kwenye mitumba. Masweta ya watoto yaliyochambuliwa vizuri yapo tele, na wauzaji wanaijua baridi ya kwao. Lifueni na kulipiga pasi kwanza; kama hakuna muda, lianikwe juani siku nzima.

Kigari cha kusukuma mtoto kibaki nyumbani. Iringa ni miinuko, Mbeya ni mitaro na vumbi. Mbeleko au kitenge kizuri kinafanya kazi yote, na mkikosa, mama yeyote sokoni atawaonyesha namna ya kukifunga.

Iringa

Mji wa Iringa uko juu ya kilima. Barabara kuu inapita chini, Ipogolo, na stendi ya mikoani ipo Igumbilo. Mkishuka basi bado hamjafika mjini. Mzazi mmoja ashike mtoto tu, mwingine ashughulike na mizigo na bajaji. Wote wawili wakigombania mabegi, nusu dakika inatosha mtoto wa miaka mitatu kupotea.

Siku ya kufika msifanye kitu. Tembeeni mpaka sokoni na kurudi. Soko Kuu la Iringa lina vikapu vya milulu vya kila ukubwa, na kikapu kidogo cha mkononi kitamshughulisha mtoto safari nzima: atatia mawe, atatoa mawe. Wasalimieni watu "kamwene" na mtoto afundishwe kuitikia. Wazee wa Kihehe wakisikia hivyo watampa karanga.

Siku ya pili asubuhi, Isimila. Ni kama kilomita 20 kwa barabara ya kwenda Mbeya. Zana za mawe zilizopatikana pale ni za kale mno, na wachimbaji walifanya kazi kubwa 1957 na 1958, lakini mtoto mdogo anachokiona ni nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji, na mchanga. Mchanga ndio utakaomteka. Mfike saa 3, muondoke saa 5. Baada ya hapo bonde linakuwa oveni, halina kivuli. Njia ya kushuka ina mteremko wa changarawe, hivyo mtoto abebwe kushuka na atembee mkiwa chini. Mvua ikinyesha usiku, ahirisheni. Maeneo mengi ya serikali siku hizi hulipiwa kwa namba ya malipo inayotolewa pale pale, na mtandao ukigoma mnasubiri. Mtoto awe na cha kutafuna wakati huo.

Kalenga, penye makumbusho ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ni karibu zaidi, upande wa barabara ya Ruaha. Nyumba ni ndogo, nusu saa inatosha. Kinachotunzwa pale ni fuvu lake, lililorudishwa kutoka Ujerumani 1954. Kwa mtoto wa miaka saba ni somo ambalo hatalisahau. Kwa wa miaka mitatu hatukushauri: ama hataelewa, ama ataelewa vibaya na usiku atawaamsha. Wenye watoto wa umri tofauti wagawane, mzazi mmoja na mkubwa waingie, mwingine abaki nje na mdogo.

Alasiri ya siku yoyote ni ya jiwe la Gangilonga, "jiwe linaloongea". Kupanda ni dakika kumi kwa upande ulio rahisi, na mji wote unauona chini. Juu kuna ukingo usio na uzio, kwa hiyo mkono wa mtoto hauachwi hata kwa picha moja. Pandeni saa 10 na nusu, shukeni kabla ya saa 12. Upepo wa pale huanza jua likiinama. Boma la Iringa, jengo la Wajerumani lililogeuzwa makumbusho, ni la siku ya mvua. Neema Crafts nako ni pa siku kama hiyo: mafundi wenye ulemavu wanafuma na kutengeneza vitu mbele ya macho ya wageni, na mtoto akionyeshwa ishara moja ya "asante" na wahudumu viziwi wa mgahawa atairudia wiki nzima.

Hifadhi ya Ruaha? Hapana, si kwa safari hii. Ni zaidi ya kilomita 100 kwenda, na mbung'o (ndorobo) wanapenda nguo za buluu na nyeusi. Iacheni mpaka mtoto afike miaka sita.

Kuelekea Mbeya

Ni kilomita 330 hivi. Ulizieni basi linaloanzia Iringa asubuhi. Yanayotoka Dar hupita mchana na huwafikisha usiku. Nusu ya njia ni Makambako, mji wa upepo, hapo sweta livaliwe kabla ya mlango wa basi kufunguliwa. Mkipita Igawa na Chimala joto linarudi kidogo, vueni. Mkikaribia Uyole pandisheni tena. Vaa, vua, vaa: ndiyo siku yote, na mzazi anayeona uvivu wa kufungua vifungo ndiye atakayenunua dawa ya kikohozi. Kutoka Uyole kuingia mjini foleni ni ndefu, barabara kuu ni moja na kila kitu kinapita hapo. Wekeni saa nzima ya ziada.

Mbeya

Mji upo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima Loleza. Loleza tazameni tu. Ziwa Ngozi nalo ni la wakubwa: kupanda kwa msitu wenye tope, mwisho wake ni ukingo wa kreta unaotazama maji mbali chini. Wapo wanaopanda na mtoto mgongoni; wakirudi wanasifia ziwa na kulalamikia mgongo kwa usawa.

Pa kwenda na mtoto ni Daraja la Mungu na Kijungu, kwenye Mto Kiwira, njia ya Tukuyu. Kila moja inaonekana kwa muda mfupi. Daraja ni mwamba wa asili uliovuka mto. Kijungu ni pale maji yanapozama kwenye chungu cha mawe kwa kishindo. Mtoto atapenda kishindo na atataka kusogea. Mawe yana utelezi, uzio usiutegemee. Hapo mtoto anafungwa mgongoni kwa kitenge tangu kwenye gari, hashuki, hata alie. Kodini gari la siku nzima mkiwa wanne au watano, elewaneni bei na muda wa kurudi kabla ya kuwasha gari, na mpange aweze kulala ndani ya gari saa 7 mkirudi. Gari za kukodi hazina kiti cha mtoto; anayekuja na gari lake asikiache. Tukuyu mvua haisubiri msimu, koti la mvua liwepo hata Julai.

Kimondo cha Mbozi kipo mkoa wa Songwe, karibu saa moja na nusu kwenda. Ni pande la chuma lenye urefu wa kama mita 3 lililotoka angani. Mtoto wa miaka minne anaweza kukigonga kwa kijiwe, kikalia kama kengele nzito, na kuelewa kwamba hili si jiwe. Wa miaka miwili ataona jiwe. Pimeni wenyewe kama saa tatu za gari zinalipa.

Siku ya tatu ibaki ya mji. Soko la Mwanjelwa asubuhi saa 2 hadi 4, kabla ya msongamano. Mvalisheni mtoto rangi kali, mpigeni picha ya simu asubuhi hiyo ili nguo alizovaa zionekane, na namba ya mzazi iandikwe kwa kalamu ya wino mkononi mwake, juu ya kifundo. Afundishwe pia kutaja jina la mama. Watoto wengi wakipotea husema jina la mama ni "mama". Jioni, kama kuna mechi uwanja wa Sokoine, kaeni karibu na mlango na muondoke dakika kumi kabla ya filimbi.

Chakula na tumbo

Chakula cha huku kinamfaa mtoto: ndizi za Tukuyu zilizochemshwa na maziwa, viazi, maparachichi, wali wa Kyela, uji wa ulezi. Kinachokwama ni muda. Mgahawa hupika baada ya kuagizwa, na dakika 40 ni nyingi kwa mwenye njaa ya miaka mitatu. Agizeni kwa simu kabla ya kutoka gesti. Kwa urefu huu maji huchemka kwenye digrii 94 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharage na viazi huchukua muda. Makande ya haraka yatakuwa na punje ngumu na yatamsumbua tumbo asiyeyazoea. Maji yaliyochemka vizuri bado ni salama. Maziwa ya kupimiwa kwenye kopo mtaani yachemshwe kwanza. Kwenye baridi mtoto haombi maji, basi mpewe kila baada ya saa moja, ya uvuguvugu, na mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, mmechelewa.

Begi la dawa lisiwe duka. Parasetamoli ya maji (iliyo na miligramu 120 kwa mililita 5, soma chupa), kipimo ni miligramu 10 hadi 15 kwa kilo: mtoto wa kilo 12 ni mililita 5 hadi 7.5, si zaidi ya mara nne kwa siku. Pakiti za ORS na vidonge vya zinki. Angalieni pakiti ni ya lita 1 au ya nusu lita, maana kukosea hapo kunabadilisha dawa. Kipimajoto. Kadi ya kliniki na ya bima. Mbeya ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda na kitengo chake cha Meta cha wazazi na watoto, Iringa ipo hospitali ya rufaa ya mkoa.

Homa ya siku za kwanza kwa mtoto aliyetoka pwani isiitwe baridi kabla ya kupimwa malaria. Vimelea alivyoambukizwa Dar huchukua wiki moja au zaidi kuonyesha dalili, na hizo dalili zitamkuta huku. Mwenye selimundu (sikoseli), baridi humletea maumivu, hivyo familia yake izungumze na daktari wake kabla ya kukata tiketi, na ikija ije Septemba, si Julai. Mwenye pumu aje na dawa yake ya kuvuta ikiwa imejaa, na akae mbali na moshi wa kuni.

Kurudi

Mabasi ya Mbeya kwenda Dar huondoka alfajiri, baridi ikiwa kali kuliko saa zote. Usiku wake uji uwekwe kwenye chupa ya chai, mtoto alale na nguo za safari, abebwe akiwa amelala. Mkiweza, lala tena Iringa usiku mmoja. Mvalisheni tabaka tatu nyembamba badala ya koti moja zito, kwa sababu yatavuliwa kidogo kidogo: kofia Mafinga, sweta Ilula, na mkishamaliza kushuka Kitonga joto la Ruaha Mbuyuni litawapokea mlangoni, abaki na fulana. Nguo zinazovuliwa ziwe na mfuko wake juu ya siti. Na vitunguu mtakavyonunua hapo viende kwenye buti, visije vikakaa miguuni mwa mtoto mpaka Mbezi.